Dirisha Dogo Likifungwa: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mifumo ya Ofisini

Mtazame afisa wa mikopo akiwa kazini: mbele yake kuna dirisha kubwa lenye fomu ya mteja, na juu yake limeruka dogo la kutafuta wadhamini, jingine la kuambatisha nyaraka, jingine la kuchapa risiti. Kulifungua dirisha la namna hiyo ni kazi ya mstari mmoja wa JavaScript, `window.open`. Kujua limefungwa saa ngapi, na nani, na kwa nia gani, hapo ndipo watu wa mifumo tunapokesha. Mfumo ninaouhudumia ni wa chama cha akiba na mikopo. Walioujenga walishaenda zao kabla sijaja, na maelezo waliyotuachia hayajazi hata ukurasa. Ninayoyajua kuhusu madirisha haya nimeyapata kwa kufukua msimbo wao na kwa kupokea simu za watumiaji.

1. Dirisha kufungwa si jibu

Simu iliyonifunza zaidi ilitoka tawini, saa za wateja wengi.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Nina mama hapa mbele yangu, fomu yake inakataa kufunguka, inasema inatumiwa na mtu mwingine. Nikisoma jina la huyo mtu mwingine, ni langu mimi."

"Pole dada. Lile dirisha la wadhamini ulilifunga kwa wapi?"

"Kwa X ya juu kule. Kwani si limefungwa?"

Limefungwa, tena vizuri. Ila ndani ya dirisha lile kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Funga", na hicho peke yake ndicho kilichokuwa kinaiambia seva iachie rekodi. X ni mali ya kivinjari, na seva yetu haikuwa na habari nayo. Vivyo hivyo Alt+F4, Ctrl+W, Task Manager na umeme wa kukatika. Njia za kulifunga dirisha ni nyingi. Mfumo ulikuwa unaisikiliza moja.

Fundi mwenye haraka atasema: basi tulisikilize tukio la kufungwa, liwe limetokea kwa njia yoyote, tuachie rekodi. Ngoja kwanza. Hata ukilisikia, limekuambia nini? Afisa amemaliza? Ameghairi? Au kidole kimeteleza kwenye X akiwa katikati ya kumchagua mdhamini wa tatu? Tukio halibebi nia. Nia hubebwa na vitufe. "Hifadhi" ikibonyezwa, seva iandike papo hapo. "Ghairi" ikibonyezwa, seva ifute rasimu. Dirisha likitoweka bila kimojawapo kubonyezwa, lichukulie kama mtu aliyeinuka kikaoni bila kuaga: usimwandikie kura ya ndiyo wala ya hapana. Rasimu ibaki pale pale mpaka mwenyewe arudi.

Mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo.

2. `unload` ina uongo wa aina mbili

Tukio la kufungwa ambalo fundi huyo atalikimbilia ni `unload`. Uongo wake wa kwanza huja mapema mno. Unapoita `window.open`, kivinjari huanza na ukurasa mtupu, `about:blank`, ndipo kipakie anwani uliyoitaja. Ukitundika kisikilizi cha `unload` mara tu baada ya kufungua, mara nyingi kitalia pale ukurasa mtupu unapoupisha ule wa kweli. Dirisha ndiyo kwanza linafunguka, na mfumo wako unadai limefungwa. Kwenye msimbo tuliorithi wa madirisha mengine nilikuta sehemu iliyowekwa makusudi kuipuuza `unload` ya kwanza, bila neno la maelezo. Kiraka cha aina hiyo huponya kwenye kivinjari kimoja na kuharibu kwenye kingine.

Uongo wa pili ni mkubwa zaidi. `unload` hulia ukurasa unapoondoka, na kuondoka kwa ukurasa si lazima dirisha liwe limefungwa. Kubonyeza F5 ni kuondoka. Kufuata kiungo ni kuondoka. Kutuma fomu ni kuondoka. Dirisha letu la wadhamini lilikuwa na kurasa kadhaa za majina. Tulipojaribu kuisikiliza `unload` humo, afisa akienda "Ukurasa wa 2", mfumo ukaamini amekata tamaa na kuachia rekodi akiwa bado anasoma.

Dawa tuliyoitumia ni ya hatua mbili. Ukurasa wa dirisha dogo unapoondoka hulipasha habari dirisha mama, yaani lile kubwa lililolifungua, kwa `postMessage`. Dirisha mama halichukui hatua papo hapo. Husubiri kidogo, kisha huangalia sifa ya `closed` ya lile dogo. Ikiwa kweli, limefungwa. Ikiwa si kweli, lilikuwa linahama ukurasa tu. Na ujumbe wowote wa `postMessage` unapofika, kagua umetoka anwani gani kabla ya kuuamini, maana ukurasa wowote wenye rejea ya dirisha lako unaweza kukutumia.

3. Kufuli la rekodi lipewe muda wa kufa

Mfumo ulikuwa unaandika kwenye hifadhidata kwamba rekodi hii imeshikwa na fulani, na alama hiyo ilifutwa pale tu dirisha lilipofungwa kwa njia iliyotegemewa. Umeme ukikatika mchana, tawi zima lilirudi kazini na kukuta fomu zimeshikwa na watu ambao hawazishiki, na mtu wa IT akaanza kuziachilia moja moja kwa SQL huku simu zinaita. Hakuna hitilafu ya programu hapo. Kompyuta iliyozimika haitumi tukio lolote, wala hakuna kivinjari kitakachokuja kulirekebisha hilo.

Kufuli la namna hii hukodishwa, halimilikishwi. Dirisha likiwa hai litume ishara kwa seva, tuseme kila sekunde 30. Seva isipopata ishara kwa dakika 3, ihesabu kufuli limekwisha muda na rekodi iko huru. (Usiipunguze iwe dakika moja, sababu iko kwenye funzo la sita.) Tukio la kufungwa likisikika, vema, rekodi itaachiwa mapema. Lisiposikika, hakuna mteja atakayesimamishwa kaunta zaidi ya hizo dakika.

Juu ya kufuli weka namba ya toleo kwenye kila rekodi. Anayehifadhi ataje namba aliyoisoma, na `UPDATE` ikubali kubadilisha rekodi yenye namba hiyo tu. Isipobadilisha kitu, mwenzake amemtangulia, na aelezwe hivyo kwa maneno ya kawaida badala ya kumwagiwa hitilafu ya hifadhidata usoni.

4. Onyo la kufunga halina maneno yako

Kila meneja niliyewahi kukaa naye huomba onyo lenye lugha yake, refu, la heshima, linalotaja sera ya taasisi. Haiwezekani tena. Microsoft ndiyo iliyoleta `onbeforeunload` na Internet Explorer 4 mwaka 1997, na kwa miaka mingi uliweza kuandika humo sentensi unayotaka. Matapeli nao wakaandika zao, wakawazuia watu wasitoke kwenye kurasa za ulaghai. Firefox ikaacha kuonyesha maneno ya mwenye tovuti kuanzia toleo la 4, mwaka 2011. Chrome ikafuata kwa toleo la 51, mwaka 2016. Leo kivinjari kina sentensi yake mwenyewe, na ndiyo hiyo hiyo kwa kila mtu.

Pia onyo halitatokea kama mtumiaji hajagusa chochote ndani ya ukurasa. Hili huleta ripoti za bure: mjaribu mfumo anafungua dirisha, haandiki kitu, analifunga, kisha anaandika kwamba onyo limekufa. Mwambie abonyeze mahali kwanza. Na `alert` au `confirm` ukiziita ndani ya `beforeunload` au `unload`, kivinjari huzipuuza bila kusema neno.

Litundike onyo pale tu kuna kitu hakijahifadhiwa, na uliondoe mara kikihifadhiwa. Onyo linalotokea kila wakati huwafunza watu kubonyeza "Ondoka" bila kusoma, na siku kuna fomu ya kupotea kweli wataibonyeza vilevile.

5. Usiache barua ya mwisho iwe ndiyo barua yenyewe

Zamani ilikuwa hivi: dirisha likielekea kufungwa, msimbo unatuma ombi la kusubiriwa kwa `XMLHttpRequest`, kivinjari kinaganda mpaka seva ijibu, ndipo dirisha linafungwa. Mtandao ukiwa wa kusuasua, afisa anabonyeza X mara kumi. Chrome 80, iliyotoka Februari 2020, iliyakataa maombi hayo wakati ukurasa unaondoka, na mifumo mingi ya ofisini ikaacha kuachia rekodi bila mtu kugusa msimbo.

Badala yake kuna `navigator.sendBeacon`. Unaikabidhi data, inaituma kwa POST hata baada ya ukurasa kutoweka, na mtumiaji hasubirishwi. Lakini ijue mipaka yake. Data isizidi kilobaiti 64. Ikikurudishia `true`, maana yake imepokelewa kwenye foleni ya kivinjari, haina maana imefika kwa seva. Na hairuhusu kuongeza kichwa cha ombi cha `Authorization`. Hili la mwisho huwaumiza wenye mifumo inayotambulisha watumiaji kwa tokeni: ujumbe unafika kwa seva bila utambulisho, seva inajibu 401, na hakuna dirisha lililobaki la kumwonyesha mtu kosa hilo. Kama tokeni ni lazima, tumia `fetch` yenye `keepalive`. Hiyo inabeba vichwa, ingawa kikomo cha kilobaiti 64 kiko vilevile.

Afisa akiwa nje na simu au tableti, mambo ni magumu zaidi. Anahama kwenda kwenye programu ya ujumbe, anasahau, mfumo wa simu unakiua kivinjari nyuma ya pazia. Tukio la kuondoka kwa ukurasa, `pagehide`, linaweza lisilie kabisa. Tukio la mwisho la kuaminika hapo ni `visibilitychange`, pale ukurasa unapofichwa; hifadhi rasimu hapo, maana huenda hutapata nafasi nyingine.

Zaidi ya hayo yote, rasimu ihifadhiwe wakati mtu anaandika, kila anapotulia sekunde chache. Ujumbe wa kufunga ubaki na kazi ndogo ya kusema "naondoka". Ukipotea, hakuna kilichopotea nao.

6. `closed` nayo husema uongo

Mbinu ya kale kabisa ni dirisha mama kuchungulia: kila nusu sekunde liangalie kama `closed` imekuwa kweli. Ni mbinu ya kizamani na bado ninaitumia. Ina mitego miwili.

Wa kwanza ni kwamba vivinjari hupunguza kasi ya saa za kurasa zilizofichwa. Tangu Chrome 88, mwaka 2021, ukurasa uliofichwa na kukaa kimya zaidi ya dakika 5 unaweza kuachiwa saa yake ifanye kazi mara moja tu kwa dakika. Ndiyo maana ishara yako ya sekunde 30 inaweza kugeuka ya sekunde 60 bila taarifa, na ndiyo maana nilisema kufuli lisife kwa dakika moja.

Wa pili unahusu usalama. Dirisha dogo likifungua tovuti ya nje, tuseme ya benki au ya kuingilia kwa akaunti ya kampuni nyingine, na tovuti hiyo ikawa imeweka `Cross-Origin-Opener-Policy: same-origin`, kivinjari hukata uhusiano kati ya madirisha mawili. Dirisha mama likiuliza, linaambiwa `closed` ni kweli, huku mtumiaji analiona dirisha dogo wazi mbele ya macho yake na anaandika nywila. Mfumo uliojengwa kwa imani ya `closed` humwambia hapo hapo "Umeghairi kuingia". Kama wewe ndiye mwenye kurasa za upande wa mama na unataka ulinzi huo, thamani ya `same-origin-allow-popups` huyaachia madirisha uliyoyafungua. Ila tovuti ya nje ikishaamua kujitenga, huna la kufanya upande wako isipokuwa kuiuliza seva.

7. Pesa haifuati dirisha

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko pengine pote, na nitakaa hata kwenye karatasi.

Mwanachama anakuja kulipa rejesho kwa simu. Afisa anaingiza namba, dirisha dogo linatokea limeandikwa "Inasubiri malipo", na kwenye simu ya mwanachama kunaingia ombi la kuweka namba ya siri. Mzee anatafuta miwani. Mtandao unavuta. Afisa anaona dirisha halisogei, analifunga kwa X, anaanza upya. Mzee ameshaweka namba ya siri ya ombi la kwanza. Sasa anapata la pili, anaweka tena kwa sababu kijana kaunta amemwambia aweke. Pesa imekatwa mara mbili, na kwenye kitabu chetu imeingia moja au haikuingia kabisa, kwa kuwa dirisha lililokuwa linasubiri jibu la kwanza halipo.

Msimbo wa zamani ulitafsiri kufungwa kwa dirisha kuwa malipo yameghairiwa. Tafsiri hiyo haina msingi. Ombi likishatoka kwa mtoa huduma, kulifunga dirisha ofisini hakulirudishi. Muamala unaishi kati ya seva yetu na seva ya mtoa huduma. Dirisha ni mahali pa kuuangalia tu.

Tulipangua tukapanga upya. Kabla dirisha halijafunguka, seva inaandika muamala wenye namba ya kumbukumbu na hali ya "unasubiri". Jibu la mtoa huduma linaingia kwenye seva moja kwa moja, dirisha liwepo lisiwepo. Lisipoingia kwa muda uliopangwa, seva yenyewe inakwenda kuuliza hali ya namba ile. Afisa akifunga na kuanza upya kwa mwanachama yule yule, deni lile lile na kiasi kile kile, seva haianzishi muamala wa pili. Inamfungulia ule ule na kumwonyesha umefikia wapi. Na kitufe cha "Ghairi" tukakiondoa kwenye dirisha hilo. Kiliahidi kitu ambacho hatukuwa na uwezo nacho. Mahali pake tuliandika: "Unaweza kufunga dirisha hili. Malipo yataonekana kwenye akaunti yakithibitishwa."

Maofisa waliuliza kama sentensi hiyo ni salama. Ni salama kuliko kitufe.

8. Dirisha mama nalo hufungwa

Watu husahau upande huu. Afisa anafunga dirisha kubwa, dogo linabaki yatima, kisha anabonyeza "Chagua" na hakuna kinachotokea. Kabla ya kumwita mama, dirisha dogo liangalie kama `window.opener` ipo na haijafungwa. Ikiwa haipo, liseme hivyo kwa mtumiaji. Na mama akibonyezwa F5, rejea yake ya dirisha dogo hupotea. Ukilipa dirisha jina wakati wa kulifungua, unaweza kulipata tena kwa `window.open` yenye anwani tupu na jina lile lile. Jina hilo pia huzuia mtu kujikuta na madirisha saba ya wadhamini.

9. Mengine hayakupaswa kuwa madirisha

Sehemu kubwa ya fujo hii ni urithi wa `showModalDialog`, nayo ya Internet Explorer. Ilikuwa tamu kwa mwandishi wa msimbo: ukiiita, mstari unaofuata haukimbii mpaka dirisha lifungwe na kurudisha jibu. Chrome iliiondoa kwenye toleo la 37, mwaka 2014, na kelele za makampuni zikawa nyingi kiasi kwamba waliwekewa mlango wa muda wa kuirudisha hadi Mei 2015. Wengi wakabadilisha neno moja, wakaweka `window.open`, wakaenda kulala. Lakini `window.open` haisubiri. Mstari unaofuata hukimbia papo hapo, jibu likiwa tupu, na hapo ndipo wadhamini wasio na majina walipoanza kuingia kwenye hifadhidata.

Kinachochekesha ni kwamba Chrome hiyo hiyo ya 37 ndiyo iliyoleta elementi ya `<dialog>`. Firefox na Safari ziliipokea Machi 2022, kwa hiyo sasa hakuna kisingizio. Kisanduku hicho kiko ndani ya ukurasa wako: hakizuiwi na vizuizi vya madirisha, hakina X ya kivinjari, kikifungwa kinatoa tukio la `close` na jibu liko kwenye `returnValue` yake, na mtu akibonyeza Esc unapata `cancel` kwanza. Usijaribu tu kumfungia mtu humo. Chrome ikiona unaikataa Esc, akiibonyeza tena itakifunga, na mimi niko upande wa Chrome.

Tulihamishia huko utafutaji wa wadhamini na viambatisho. Dirisha la kweli tumeliacha kwa risiti, ambayo afisa huipeleka kwenye skrini ya pili, na kwa tovuti za nje.

10. `unload` inaondoka

Chrome imeshaanza mpango wa kuizima `unload` hatua kwa hatua. Mojawapo ya sababu ni kwamba inazuia kurasa kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu ili kitufe cha kurudi nyuma kifanye kazi upesi, na kwenye simu haikuwa ikiaminika tangu mwanzo. `beforeunload` haimo kwenye mpango huo, watu huzichanganya. Huna haja ya kusubiri ikukute. Weka kichwa cha `Permissions-Policy: unload=()` kwenye seva ya majaribio, ukurasa wako utakuwa umenyimwa `unload` leo, na utaona kinachovunjika mkiwa ofisini badala ya kukiona tawini mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, mwenzangu unayehudumia mfumo wa kurithi: tafuta neno `unload` kwenye msimbo wako wote, maktaba za watu wengine zikiwemo, andika kila mahali lilipo na kazi linayoifanya. Penye kuaga tu, weka `pagehide`. Penye kuachia rekodi, kuhifadhi fomu au kufunga hesabu, iondoe kazi hiyo hapo na uipeleke kwa seva.